Upande wa Kulia wa Benchi

Ukimwambia Fundi kwamba kitu ni kizuri, alikasirika. Si utani. Nilimwona kwa macho yangu mwanasheria mzima, mwenye suti na viatu vya kung'aa, akipoteza kiti chake sebuleni kwa Fundi, mtaa wa Bel-Air, kwa sababu ya neno hilo moja. Fundi alikuwa amemaliza kupiga kipande kirefu, jasho linamtiririka shingoni, na yule bwana akashusha pumzi akasema, "Muzuri sana, Papa." Fundi akamgeukia polepole. "Muzuri ni ya sombe," akamjibu, yaani kisamvu. "Ya sombe na samaki. Hapa tulikuwa tunafanya kitu ingine." Jumapili iliyofuata kiti cha mwanasheria kilikaliwa na mtu mwingine.

Naandika kwa Kiswahili cha kitabu kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia. Lakini Fundi mwenyewe nitamwacha aseme alivyosema, Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na Kifaransa chake ndani, maana nikimnyoosha hatakuwa yeye tena. Jina lake silitaji. Watu walimwita Fundi, na kama ulikuwa huna budi kuuliza fundi wa nini, basi nyumbani kwako hakukuwa na piano.

Piano zenyewe si nyingi mjini. Kuna za parokia, kuna za shule za masista, na kuna zile zilizoachwa katika nyumba kubwa za zamani, ambazo wenye nyumba wanawekea picha za harusi na maua ya plastiki. Fundi alizijua zote kama daktari anavyojua wagonjwa wake wabishi. Alijua ipi imeliwa na mchwa mguu wa nyuma, ipi panya wamezalia ndani, ipi watoto wameipigia misumari. Ya kwake aliisimamisha kila mguu ndani ya kopo la mafuta machafu ya gari, mchwa wasipande. Mgeni akikunja pua kwa harufu ile, Fundi alimwambia, "Pua iko na kazi yake. Leo tunafanya na masikio."

Mara mbili kwa mwaka alikuwa hakaribiki: mvua za kwanza zinapoanza na mbao kuvimba, na tena wakati wa vumbi jekundu, mbao zinapokauka. Siku hizo alitembea mjini na mkoba wake wa ngozi, ndani yake ufunguo wa kukazia nyaya na kile kichuma chenye meno mawili anachokiita diapason, unakigonga gotini kinalia sauti moja tu. Alikuwa Mwislamu wa watu wa Maniema, kofia nyeupe haikumtoka kichwani. Ijumaa ungemkuta msikitini safu ya mbele, Jumamosi amelala chali chini ya piano ya parokia. Waliomtania hakuwakasirikia. "Kanisa iko na padiri yake, musikiti iko na imamu yake," alisema. "Piano iko na miye."

Mtu mgumu, lakini usidhani alikuwa na mantiki. Muziki wa baa ya jirani ulimfanya apige ukuta kwa kiatu. Halafu siku moja yule mzee tuliyemwita Papa wa Reli, aliyestaafu kwenye treni, alisimama katikati ya sebule akaanza kasala ya Kiluba, ile ya kumsifu marehemu kwa majina yake yote na ya mababu zake, na Fundi akalia machozi ya kweli, kofia amejifunika usoni. Akasema, "Hii na ile ya piano ni ndugu. Mwenye kusema moja ni kubwa na ingine ni ndogo, asirudie hapa." Mwanasheria alikuwa hajafukuzwa bado. Nilimwona anaandika.

Alisema pia kwamba hapendi wageni. Lakini kila Jumapili, saa kumi kasoro robo, alipanga viti saba, hata wiki ambazo tulikuja watatu. Vile viti vinne vilivyobaki wazi hakuruhusu mtu avitoe. "Acha. Labda muntu anatafuta nyumba," alisema. Mimi hapo nilikuwa naangalia chini, nisione anavyovitazama.

Maana ukweli ni kwamba Fundi alikuwa na njaa ya watu. Si watu wowote, hao aliwajua wengi. "Mu Lubumbashi, muntu ya kunywa naye utamupata mbele ya kuvuka barabara," aliniambia. "Muntu ya kunyamaza naye, unaweza kuzeeka bila kumuona." Mke wake alikuwa amerudi kwa ndugu zake, mjini Kasongo, miaka mingi kabla sijamjua, akisema ameolewa mke wa pili na wa kwanza ni ule wa mbao. Fundi alisimulia hayo akicheka. Kisha alifuta piano kwa shati lake, mahali palipokuwa safi tayari.

Sasa nifike kwenye benchi, kwa kuwa habari yote iko pale.

Fundi alifundishwa piano na sista mmoja mzee, ambaye alipoondoka kwenda kwao kufia huko alimwachia kitabu kinene cha vipande vya mikono minne. Yaani watu wawili wanakaa kwenye piano moja: wa kushoto anapiga chini, wa kulia anapiga juu. Sista alipiga juu. Fundi alipiga chini. Baada ya sista kuondoka, Fundi alimwendea seremala mmoja wa mtaa wa Katuba akachongewa benchi refu. Alimwambia seremala, "Ya matako mawili, lakini ya heshima," na seremala alipitisha hadithi hiyo Katuba nzima. Tangu hapo Fundi alikaa mwisho wa kushoto. Hata akiwa peke yake, hata akipiga kipande cha mtu mmoja, alikaa kushoto na kuinama kufikia vitufe vya kulia kama mtu anayeokota kitu chini ya meza. Vernisi ya benchi, ile rangi ya kung'arisha mbao, ilikuwa imekwisha kabisa upande wake. Upande wa kulia iling'aa kama siku ilipotoka kwa seremala.

Kila mmoja wetu aliutamani upande ule. Mimi zaidi.

Niliingia kwake kwa mlango wa kazi. Mimi ni declarant, mtu wa makaratasi ya forodha, na mwaka ule nilikuwa nashughulikia mizigo inayoingia kwa treni kutoka Zambia pale Sakania. Likaja sanduku moja la mtu wa Bel-Air: nyaya, vinyundo vidogo vya mbao, na vitambaa vyekundu vizito kama blanketi. Hakuna aliyejua kuliandika kama nini. Wengine walisema vipuri vya redio, wengine vifaa vya hospitali. Nikalipeleka mwenyewe kuuliza. Mzee mwenye kofia nyeupe akafungua, akatoa waya mmoja, akaufunga mahali pake, akaukaza, akaugusa. Sauti moja tu. Akaniuliza, "Umesikia nini?"

Nikasema ukweli, kwa kuwa sikujua bado kwamba ni mtihani. "Nimesikia kama muntu ananiita jina, lakini kwa mbali."

Akafunga sanduku. "Jumapili, saa kumi," akasema.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Mgeni anakaa kiti cha mlangoni Jumapili ya kwanza, cha dirishani ya pili, na ya tatu, kama amefika, anakaa kwenye viti vya ndani. Kila Jumapili Fundi anampigia kipande na kumuuliza swali lile lile: umesikia nini? Hutaji jina la mtunzi, husemi "muzuri", husemi ulikisikia Ulaya. Kipande cha Jumapili inayofuata alikiandika kwa chaki kwenye kibao kidogo kando ya mlango, kusudi tukae nacho wiki nzima kichwani.

Alijaribu kunifundisha upande wa kulia. Miezi minane, jamani. Siku moja akaushika mkono wangu akauweka juu ya goti langu, kwa upole ulioniuma kuliko matusi. "Bwana Douane," akasema, maana ndivyo alivyoniita, Bwana Forodha, "weye unapiga piano sawa unapiga tampon ya muhuri pa karatasi. Masikio uko nayo. Vidole hapana." Nikarudi kwenye kiti changu. Lakini sikuacha kuja. Kazini nilizungumza mizigo, nyumbani nilizungumza maji na umeme, na pale tu, kwa saa mbili za Jumapili, hakuna aliyenishangaa.

Halafu nikampenda Odile.

Odile ni mshonaji, ana mashine mbili na kibanda Katuba. Ana kicheko kinachofika barabarani. Muziki anaoupenda ni fanfare ya kanisa, matarumbeta na ngoma, ule wa kukufanya usimame. Nilimpigia vipande vya Fundi kwenye simu yangu na akaniambia bila kuficha, "Ile inanipa usingizi, cheri. Inakuwa sawa muntu anatafuta funguo mu sac ya mukono na haipate." Nilicheka. Lakini nilizima simu.

Niliogopa, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona jambo. Kulikuwa na mwalimu kijana kwenye kikao chetu, masikio mazuri sana, aliyemleta mchumba wake. Mchumba aliangalia simu yake Jumapili zote mbili. Fundi hakumfukuza mwalimu, hapana. Alimwambia tu, mbele yetu, "Usioe muntu ambaye itabidi umufiche kitu unapenda." Mwalimu akaoa. Akaja mara mbili akiwa ameinamisha kichwa. Kisha kiti chake kikawa kimojawapo cha vile vinne.

Na sasa Fundi alikuwa ananiuliza kila wiki, "Banasema uko na muntu. Mulete. Nimusikilize."

Nilitaka vyote viwili. Basi nikafanya kitu ambacho mtu mwenye akili hawezi kukifanya, na ambacho mtu wa forodha anakifanya hata akiwa usingizini. Nikamtengenezea karatasi. Kipande kilikuwa kimeandikwa kwenye kibao, nilikijua, nilikaa usiku mbili nikifikiri mtu mwenye sikio la ajabu angesema nini juu yake, nikaandika, nikampa Odile ajifunze huku anashona.

"Sasa sababu ya nini nidanganye muzee?" akaniuliza, pini mdomoni.

"Si kudanganya. Ni kumusaidia akupende."

"Anipende miye ao apende weye?"

Nilimsogezea karatasi. Akatikisa kichwa, lakini akajifunza. Alinipenda, ndiyo sababu. Dhambi hiyo ni yangu, si yake.

Jumapili ya kwanza alikaa kiti cha mlangoni, kitambaa kipya kichwani, mikono juu ya mapaja. Fundi akapiga. Akauliza. Odile akasema taratibu, "Nimesikia bantu babili banashuka ngazi. Mumoja anahuzunika, na mwenzake anajua, lakini anaongea tu habari za mvua." Mama Mukunga, mwenzetu wa kikao, mkunga anayeimba sauti ya chini kwenye kwaya, aligeuka kumtazama vizuri. Fundi akachukua daftari lake na kuandika maneno hayo. Hakuwa amewahi kuandika maneno yangu kwenye daftari lile, na sasa alikuwa anayaandika. Nilikaa pale nimefurahi na kuona wivu kwa maneno yangu mwenyewe. Wazimu gani huo!

Jumapili ya pili ikawa vile vile. Baada ya hapo mambo yakanitoka mkononi. Fundi alianza kumsimulia Odile mjini, kwa mapadiri, kwa masista. "Nimepata sikio," alisema. Kisha akaiangalia mikono ya Odile, vidole vyembamba vya mshonaji visivyotetemeka, na nikaona anachokiwaza kabla hajakisema. Akaniita kando. "Bwana Douane, ule mwanamuke ataweza kupiga juu. Mwaka moja, miaka mbili, ataweza. Nilikuwa nasema nitakufa na upande moja tu." Wiki hiyo alilisugua benchi lote na kulipaka vernisi upya.

Niliwaza kumwambia. Haki ya Mungu niliwaza, kila asubuhi. Nilifika hata mlangoni kwake Alhamisi moja, nikasikia anapiga sehemu ya kushoto ya kitabu kile cha sista, anapiga na kusimama, anapiga na kusimama, akiacha nafasi za upande wa pili. Nikageuka nikarudi.

Jumapili ya tatu mvua za kwanza zilinyesha. Zilianza saa nane, nzito, za kuangusha matawi. Tulifika tumelowa. Fundi hakumpeleka Odile kwenye viti vya ndani, alimwonyesha benchi. "Kaa huku. Pembeni yangu." Odile akanitazama. Nikampa ishara ya kichwa, endelea. Kwenye kibao kulikuwa kumeandikwa kipande cha kubembelezea mtoto.

Fundi akagusa vitufe viwili vitatu katikati, akakunja uso. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua, kitufe kimoja hakipandi. Mtu mwingine angesema. Yeye alikuwa Fundi, alichukia kutoa visingizio, akaamua tu kupiga kitu kingine kisichopita kwenye kitufe kile. Akapiga muziki wa kucheza harusini, wa haraka, wa mikono kurukiana, ambao hata paka angejua kwamba watu wanacheza.

Nilitaka kukohoa. Nilitaka kusimama, kuangusha kiti, kufanya lolote. Sikufanya. Odile alikuwa ameiangalia mikono ya Fundi muda wote, midomo inatembea kidogo, anarudia karatasi yangu.

"Umesikia nini?" Fundi akauliza, na uso wake ulikuwa wazi kabisa. Sikuwahi kuuona vile kabla ya siku hiyo.

"Nimesikia mama anabembeleza mutoto," Odile akasema. "Mutoto akalala. Njo pale mama akaanza kulia, polepole, asimuamushe."

Papa wa Reli alicheka, akidhani ni utani. Kisha akatuangalia, akaacha. Mvua ilipiga mabati. Fundi hakumtazama Odile. Macho yake yalinijia mimi moja kwa moja.

Odile alielewa kwa kututazama. Akajishika kichwa. Kisha akafanya kitu ambacho mimi sikuweza kukifanya kwa wiki tatu. "Papa, unisamehe," akasema. "Miye sikusikia kitu. Hata siku moja. Nilikuwa naangalia mikono yako. Kidole yako ya mwisho, ya kushoto, inakuuma. Ukifika kwake unainua bega, unaificha. Na ile nyingine ya kulia unaipenda, unaiacha pale kidogo hata kama kazi imeisha. Njo ile tu nilikuwa naona."

Fundi akauficha mkono wa kushoto ndani ya mfuko. Akafunga kifuniko cha piano, bila kukibamiza. Akaja mpaka kwenye kiti changu.

"Bwana Douane," akasema, "umepitisha muzigo yako na karatasi ya uongo. Pa nyumba yangu."

Halafu akawaambia wote, "Muende. C'est fini. Imekwisha."

Tulitoka kwenye mvua. Odile alitembea mbele yangu mpaka barabara kubwa, hakugeuka. Alinisamehe baada ya wiki mbili, na tukaoana. Kabla ya harusi nilimpelekea Fundi mwaliko mkononi. Mlango haukufunguliwa, ingawa piano ilinyamaza nilipobisha. Kikao hakikurudi. Mama Mukunga nilimkuta sokoni akaniambia kila mtu sasa anasikiliza vyake nyumbani, peke yake. Papa wa Reli alifariki na sijui kama kuna aliyemsemea kasala. Hayo yote ni juu yangu, na sitafuti mtu wa kunipunguzia.

Ikapita miaka sita.

Mwaka jana, pale Sakania, sanduku lilikaa siku nyingi bila mwenyewe. Nyaya, vinyundo, vitambaa vyekundu. Nililitambua kabla ya kusoma jina. Nikamalizia makaratasi yake, sawasawa, kila kitu kwa jina lake la kweli, nikalileta mpaka nyumbani. Odile akalitazama pale kwenye kona kwa siku nzima. Mwishowe akasema, "Peleka. Na ukifika kule usimutengenezee muzee maneno."

Ilikuwa asubuhi, kiangazi, vumbi kila mahali. Safari hii alifungua. Alikuwa amepungua, kofia ile ile ikimpwaya. "Weka pale," akasema, kama kwamba niliondoka jana. Viti saba vilikuwa vimepandana ukutani. Nikaliangalia benchi. Vernisi ilikuwa imekwisha katikati.

Katikati kabisa. Alikuwa ameacha kungoja. Nikahisi machozi yananijia, nikajifanya kupangusa vumbi.

Hakunikaribisha kukaa. Alifungua sanduku, akachagua waya mwembamba kabisa, wa zile sauti za juu upande wa kulia, akaufunga. Wiki ijayo, akasema bila kunitazama, parokia fulani inamngoja atengeneze piano yao kwa ajili ya sikukuu. Kazi ya mwisho kubwa iliyobaki mjini. Wengine sasa wananunua vile vinanda vya umeme visivyohitaji mtu. Akaukaza waya kwa ufunguo, anagusa, anakaza, anagusa. Akasimama.

"Iko sawa?" akauliza.

Haikuwa sawa. Hata mtoto angesikia. Ilikuwa chini, imepotoka vibaya, inaumiza meno. Na yeye aliinamisha sikio pale pale juu ya waya na uso wake ulikuwa umetulia, na hapo nikaelewa. Sauti za juu hazikuwa zinamfikia tena. Fundi alikuwa amekuwa kiziwi upande wa kulia wa piano.

Neno lilikuwa tayari ulimini, lile lile jepesi. Ningelisema, angeenda parokiani na heshima yake, labda hata angenipa kiti. Ningesema ukweli, ningemvua kazi yake mbele ya macho yake, mimi, kati ya watu wote mimi.

"Fundi," nikasema. "Iko faux, haiko sawa. Iko chini sana."

Mkono ulibaki juu ya ufunguo.

"Nimeuliza bantu batatu mwezi huu," akasema mwishowe. "Padiri, na sista, na jirani. Bote batatu balisema, muzuri, Papa. Muzuri." Akapumua. "Nikasema, basi nimekwisha. Hakuna tena muntu."

Akauvuta ufunguo kidogo. "Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Kidogo tena. Hapo. Simama hapo hapo."

Akaugusa waya mara moja, sauti ambayo hakuisikia, akaniangalia usoni kuona kama imefika. Kisha akanyanyuka kidogo kutoka katikati ya benchi, akasogea mpaka mwisho wa kushoto. Akapiga upande wa kulia wa benchi kwa kiganja.

"Kaa. Na usiguse kitu. Vidole yako ni ile ile ya tampon."

Nikakaa. Tulifanya kazi mpaka adhana ya adhuhuri, waya baada ya waya, yeye akiuliza, mimi nikisema faux, bado, hapo. Wiki iliyofuata nilienda naye parokiani, nikakaa vile vile, na mtu asiyejua angedhani mimi ni mwanawe. Lakini siku ile ya kwanza, aliponisindikiza hadi mlangoni, alisimama akaficha mkono wa kushoto mfukoni.

"Jumapili, saa kumi," akasema. "Kuya na bibi yako. Umuambie sitamuuliza kitu."

Nilipomfikishia Odile ujumbe alikuwa anakata kitambaa, hakuinua kichwa.

"Ni sawa," akasema. "Miye njo nitamuuliza. Kile kidole yake, iko namna gani?"